Mita 60 Hazipimwi Kuanzia Maji ya Kiangazi

Mvua za Novemba zikianza, malalamiko yanayoletwa kwetu wataalamu wa maji hapa Kigoma hufanana: mto umekula shamba, mto umeingia nyumbani, serikali iko wapi. Tunayapokea yote, tukijua kwamba wananchi wengi hufuata sheria wakieleweshwa. Safari hii nianze na kipimo ambacho kila mtu anakitaja na karibu kila mtu anakikosea.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 zinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukingo, siyo pale maji yalipoishia Agosti, mto Luiche ukiwa umenywea na kina mama wanaanika nguo mchangani. Mchanga ule ni wa mto, umeuacha kwa muda tu. Na mita 60 siyo hatua 60. Hatua ya mtu mzima haifiki mita moja, hasa anapojipimia shamba lake mwenyewe.

Mito yetu nayo haina tabia moja. Malagarasi unaanzia mpakani na Burundi, unazunguka mbali hadi kwenye mbuga zenye majimaji za Moyowosi, ndipo unageukia magharibi kupitia Uvinza hadi ziwani. Mbuga zile hupokea maji na kuyaachia polepole, kwa hiyo Malagarasi hujaa taratibu na hukawia kupungua. Luiche ni mfupi na unatoka milimani. Mvua ikipiga kule juu usiku, mkulima wa bonde la Ujiji anaamka anakuta maji kwenye mpunga, na kwake hata tone halijadondoka. Bado tunaambiwa, "Hapa hapajanyesha, mto utajaaje?" Swali hili, kwa heshima zote, limetuchosha. Ziwa Tanganyika nalo likipanda, kama lilivyopanda miaka ya karibuni, mto unakosa pa kumwaga haraka na maji yanarudi mashambani.

Sasa kuhusu matuta. Mtu anajaza viroba vya mchanga, anaziba upande wake, maji yanahamia kwenye michikichi ya jirani. Kuchepusha au kuzuia maji ya mto kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Maji ya kunywa na kupikia hayahitaji kibali, kwa hiyo mwenye ndoo asiogope. Mwenye tuta aombe kwa maandishi, aonyeshe mahali na kusudi, asubiri wataalamu wakague eneo, na asianze kazi kabla ya kibali kutoka. Kibali kina masharti, na ukiyavunja kinaweza kufutwa. Anayefanya bila kibali anaweza kufikishwa mahakamani akatozwa faini, akafungwa, au vyote viwili. Ruhusa ya mdomo ya mwenyekiti wa kitongoji siyo kibali, hata kama mashahidi walikuwepo.

Mto ukigeuka rangi ya udongo ghafla, ukaanza kubeba matawi, au wewe ukasikia mngurumo kutoka juu, panda sehemu ya mwinuko bila kurudia godoro. Maji yanayokimbia yakiwa na kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima; yakifika 60 yanabeba gari. Bodaboda akitaka kukuvusha kwenye daraja lililofunikwa, shuka. Mtu akinasa, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kisha mjulishe mtendaji wa kijiji.

Jambo la mwisho ni ule ubao wenye namba uliosimamishwa mtoni. Ndio tunaosomea kimo cha maji. Ubao ukilala, hatujui mto umepanda kiasi gani. Mara ya mwisho nilipokagua mmoja niliukuta umeinama, na mbuzi wawili wamefungiwa hapo. Miti ipo, wafungwe huko.