Tom Bendelow na vigingi 18 vya Jumapili

Kwa miaka mingi msanifu wa viwanja vya gofu Tom Bendelow amekumbukwa kwa kejeli moja: vigingi 18 Jumapili alasiri, 18 ikiwa ni idadi ya mashimo ya uwanja kamili wa gofu. Yaani alipita shambani, akachomeka vigingi, akachukua ujira wake na kwenda zake.

Tuanze na hiyo Jumapili. Bendelow, mpanga herufi wa magazeti aliyezaliwa Aberdeen, Scotland, mwaka 1868 na kuhamia Marekani, alikuwa mtu wa dini aliyeiheshimu siku hiyo, hivyo si rahisi kuamini kwamba aliitumia kuchomeka vigingi.

Vigingi ni kweli. Kimoja pa kuanzia, kimoja penye shimo, vingine penye vizuizi. Lakini ndivyo walivyofanya wasanifu wengi wa enzi hizo. Klabu hazikuwa na fedha, udongo ulisogezwa kwa farasi, na wachezaji wenyewe ndio kwanza walikuwa wanajifunza kushika fimbo. Kumlaumu kwa hilo ni kumwonea.

Fedha na muda vilipopatikana, alichora uwanja namba 3 wa klabu ya Medinah, karibu na Chicago, uliofunguliwa 1928. Umerekebishwa sana tangu hapo, ila US Open, shindano kubwa la gofu la Marekani, imechezwa pale mara 3: 1949, 1975 na 1990.