Kusomea jamii za Waaborijini chuoni: yanayodhaniwa na yalivyo

Vyuo vikuu vingi vya Australia hufundisha somo kuu la shahada ya kwanza kuhusu wenyeji asilia wa nchi hiyo: Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres, vilivyo kaskazini. Shahada ya miaka 3 kwa kawaida ina kozi 24, na somo kuu huchukua takriban 8. Ni chache, na anayeingia na dhana mbovu humaliza kadhaa kabla hajazifuta.

“Ni anthropolojia iliyobadilishwa jina.”

Anthropolojia imo, lakini ni figa moja, na chungu hakikai juu ya figa moja. Chukua kesi ya Wayorta Yorta wa bonde la mto Murray. Hukumu ya 1992 katika kesi ya Eddie Mabo, mtu wa visiwa vya Torres, ilikuwa imeikataa hoja kwamba Australia haikuwa na mwenyewe Waingereza walipofika, na mwaka 1993 ikatungwa sheria ya kudai haki za asili za ardhi. Lakini mdai hutakiwa aonyeshe kwamba mila zinazomfunga na ardhi hiyo zimefuatwa bila kukatika tangu Uingereza ijitangazie mamlaka. Mwaka 1998 jaji aliyapa maandishi ya Edward Curr, mlowezi mfugaji wa karne ya 19, uzito kuliko masimulizi ya Wayorta Yorta wenyewe. Dai likaanguka, na Desemba 2002 rufaa ya mwisho nayo ikakataliwa.

Hukumu hiyo haisomeki kwa taaluma moja. Mwanasheria atauliza kinachokubalika kuwa ushahidi. Mwanahistoria atauliza Curr alitafuta nini katika ardhi hiyo, na nani hakumweleza mambo yake. Mwanaisimu atachunguza majina ya mahali, na mwanaanthropolojia atafuatilia nasaba. Kwa hiyo, kabla ya mwaka wa 3, hakikisha una walau kozi moja ya sheria, moja ya lugha na moja ya mbinu za utafiti. Kosa la kawaida ni kujaza zote za historia kwa kuwa ratiba inaruhusu. Kozi ya mwisho ya utafiti ikifika, mwanafunzi hajawahi kusoma hukumu wala jedwali la takwimu.

Jedwali nalo lina mitego. Katika sensa ya 2021 watu 812,728 walijitaja kuwa wenyeji asilia, ilhali makadirio rasmi ya mwaka huohuo ni 983,700. Pengo hilo linatokana hasa na waliorukwa na wasiojibu swali la asili. Ukitafuta kiwango cha jambo lolote kwa kugawanya kwa tarakimu ya kwanza na mwenzako kwa ya pili, viwango vyenu havitalingana kamwe.

“Ni kabila moja, lugha moja.”

Mwaka 1788 kulikuwa na lugha zaidi ya 250. Watu wa visiwa vya Torres ni watu wengine kabisa. Lugha yao mojawapo, Meriam Mir, ina undugu na lugha za Papua. Badala ya jina la jumla, andika jina la watu husika, kama Wagurindji, Wawarlpiri au Wayolngu, kila inapowezekana.

Wawarlpiri wana makundi 8 ya ujamaa, kila moja likiwa na jina la kiume na la kike. Mwana wa Jampijinpa huitwa Jangala, binti yake Nangala, na watoto wa Jangala hurudia kundi la babu yao. Kuna pia mkwe asiyeruhusiwa kumkaribia mama mkwe. Msomaji wa kwetu aliyekulia kwenye utani wa babu na mjukuu hushika haraka. Kinachomponza ni kudhani amekwisha kuelewa.

“Walijifungia hadi Waingereza walipofika.”

Mabaharia wa Makassar, bandari ya Indonesia ya leo, walivua majongoo bahari kaskazini mwa Australia hadi mwanzoni mwa karne ya 20, wakifanya biashara na Wayolngu. Ndiyo maana Wayolngu huita pesa *rrupiya*, ndugu wa rupia yetu. Mwaka 1944 zikaokotwa sarafu 5 za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel. Tuwe makini hapa: sarafu husafiri mikononi mwa wengi, na hizo hazithibitishi kwamba Mswahili alitia nanga huko.

“Kura ya maoni ya 1967 iliwapa haki ya kupiga kura.”

Haki hiyo katika uchaguzi wa shirikisho ilipatikana 1962. Kura ya 1967 iliruhusu wahesabiwe katika takwimu za taifa na bunge la shirikisho liwatungie sheria.

“Utafiti ni kufika na kinasa sauti.”

AIATSIS, taasisi ya taifa ya masomo ya Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres iliyoko Canberra, ilitoa kanuni zake za maadili mwaka 2020, na ya kwanza ni haki ya wenyeji kujiamulia. Kwa hiyo zungumza na chombo cha jamii kabla swali la utafiti halijakamilika. Pata ridhaa yao kwa maandishi, kisha omba kibali cha kamati ya chuo. Kubalianeni mapema nani atamiliki rekodi na matokeo yatarudishwaje. Muhula mmoja hautoshi kwa yote hayo, ndiyo sababu wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza hutumia nyaraka.

Hata nyaraka zina milango. Baadhi ya picha na sauti ni za wanaume tu au wanawake tu, na katika jamii nyingi jina au sura ya marehemu haionyeshwi bila ruhusa ya familia. Muulize mhifadhi kabla ya kunakili picha yoyote, na andika jibu lake pembeni ya namba ya faili.