Moto wa pori Lubumbashi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kiangazi kikishika, moshi hutanda juu ya Komini Annexe, pembeni ya mji, na njia ya Likasi, na maneno yale yale hurudi.

“Moto ya pori inajiwashaka yenyewe.”
Radi huja na mvua, na Julai hapa hakuna tone. Nyuma ya moto kuna mtu: anayesafisha shamba, anayewinda panya, au mchoma makala (makaa) aliyeacha tanuru wazi.

“Moto yote ni mubaya.”
Hapo Ndola, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, viwanja vya majaribio vilivyoanzishwa mwaka 1933 vilionyesha jambo lingine. Palipochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, miti ilikwisha na nyasi zikatawala. Palipochomwa mapema, miti mingi ilistahimili. Mei na Juni nyasi bado zina unyevu, moto hupita chini na kufa jioni. Septemba kila kitu kimekauka na miti ndiyo kwanza inachipua. Kwa hiyo ukanda uliochomwa mapema kuzunguka kijiji ni kinga, tena ya bei nafuu.

“Bale ba kujitolea banatumika bure.”
Dhana hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, maana hutoka hata kwa watu wenye kalamu ya bajeti. Anayejitolea hatoi zaidi ya muda na nguvu zake. Chile ina wazima-moto wa kujitolea tangu kikosi cha Valparaíso cha mwaka 1851, na bado serikali huwatengea fungu katika bajeti. Marekani, takriban theluthi mbili ya wazima-moto ni wa kujitolea. Idara ya Misitu ya huko ina msaada maalum kwa vikosi vya sehemu zenye watu wasiozidi 10,000, nao wenyewe hutakiwa kuchangia nusu.

Sasa hesabu kikundi cha vijana kumi wa pembeni ya mji. Wanahitaji viatu vigumu badala ya kandambili, mapanga, majembe, fimbo ndefu zenye kipande cha mpira wa tairi kwa kupigia ndimi za moto, pampu za maji za mgongoni, mafuta ya pikipiki, na unite (salio) za simu ili wa kijiji cha pili waitwe kabla upepo haujageuka. Hayo yote hununulika. Kinachosahauliwa ni matibabu: kijana akiungua mguu, nani atalipa hospitali? Familia yake ikilipa, mwaka ujao hutamwona, wala hutawaona rafiki zake.

“Kinshasa njo inapashwa kulipa.”
Nusu kweli. Katiba ya Kongo ya 2006 inazipa provensi (majimbo) asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayotoka kwao, na sheria ya 2008 inataka sehemu ya hizo ishuke hadi mijini na kwenye komini. Kodi Miniya, yaani sheria ya madini, ya 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 provensi, 15 komini, sekta au usultani ambako mgodi uko, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Basi kuna pesa ambayo kisheria ni ya hapa hapa. Lakini hakuna mahali mgao huo ulipoandikiwa moto: lazima burgumestre, mkuu wa komini, na watu wake waupangie. Komini isiyo na mgodi haipati ile 15, na retrosesioni, yaani pesa inayorudishwa toka Kinshasa, huchelewa sana, wakati kuchoma mapema ni kazi ya Mei.

“Nunueni gari moja kubwa la pompie, basi.”
Lori hilo la zimamoto ni la nyumba za mjini na maghala ya mafuta. Njia za mchanga za Annexe halizipiti, na moto wa nyasi huzimwa kwa miguu, kwa kufyeka ukanda mbele yake. Tena lori linadai dereva, vipuri na mazoti (dizeli) hata mwezi usio na moto. Kwa kikundi cha kijijini, pikapu yenye tangi dogo na pampu hufika mbali zaidi.