Mfumo huria haumaanishi kila programu imekidhi masharti

Wengi wakisikia mfumo wa simu ni huria, hudhani programu yoyote inayofunguka humo imeshakidhi masharti yake. Hapana. "Kwangu inafanya kazi" ni habari nyingine kabisa.

Chukua MeeGo, mfumo huria wa simu uliotangazwa na Intel na Nokia Februari 2010. Msimbo wake ulikuwa wazi, uukate na kuushona upendavyo. Lakini programu ilihesabiwa kukidhi masharti pale tu ilipofungashwa kwa muundo wa RPM (aina mojawapo ya vifurushi vya kusakinishia programu) na kutegemea maktaba za msingi, yaani mafungu ya msimbo ambayo programu huyaazima, zile ambazo kila kifaa kilichokidhi lazima kiwe nazo. Ukitegemea maktaba iliyomo kwenye simu yako peke yake, kwa jirani programu haifunguki ng'o. Masharti yalihusu kuendana na vifaa tu. Ubora na usalama havikupimwa hapo, na programu yenye sura ya kutia kichefuchefu ingepita bila shida.

Kichekesho ni kwamba Nokia N9 ya 2011, simu ambayo wengi huikumbuka MeeGo ikitajwa, ilifungasha programu zake kwa muundo mwingine wa vifurushi, wa Debian. Jina ilibeba, sharti la RPM ikaliacha mlangoni.