Kiungo kilichokatwa na bano

Jumamosi usiku, saa nne na ushee, simu ikaita. Alikuwa dada mmoja kati ya wasimamizi wa jukwaa la mtandaoni ninaowatengenezea programu ya kuondoa machapisho. "Kaka, leo nimeondoa matangazo kumi na moja na nimetukanwa na watu kumi na moja. Wanasema nawatuma wakasome kanuni ambazo hazipo."

Kanuni zilikuwepo. Kilichopotea njiani ni bano moja.

Programu yenyewe ni ndogo. Msimamizi akibofya "ondoa", inachukua ujumbe ulioandaliwa, inachomeka kichwa cha chapisho na kiungo cha kanuni iliyovunjwa, kisha inamtumia mhusika. Ukurasa wa kanuni uliitwa Kanuni_(Matangazo). Kwenye ujumbe, kiungo kiliandikwa kwa Markdown, ule mtindo wa uandishi aliouanzisha John Gruber mwaka 2004:

[Soma kanuni](https://example.org/Kanuni_(Matangazo))

Angalia mwisho wa mstari huo. Markdown inafungia anwani ndani ya mabano, na anwani yetu nayo imekuja na mabano yake. CommonMark, iliyotoka 2014 ili kunyoosha mambo ambayo Markdown iliyaacha yakielea, inakubali mabano ndani ya anwani ilimradi kila lililofunguliwa limefungwa. Lakini kisomaji chetu, yaani kile kinachogeuza Markdown kuwa kiungo cha kubofya, kilikuwa cha zamani, hakijui kuhesabu. Kikikutana na bano la kwanza la kufunga, basi, anwani imeisha. Aliyebofya alipelekwa https://example.org/Kanuni_(Matangazo na kukuta ukurasa haupo, na lile bano la mwisho likabaki linaning'inia nje ya kiungo kama kifungo cha shati kilichokatika uzi.

Wengi hapa humlaumu aliyeupa ukurasa jina. Mimi simlaumu. RFC 3986, waraka wa Januari 2005 unaoeleza anwani za wavuti zinavyoandikwa, unayaruhusu mabano, na Wikipedia wanayatumia kila siku: tazama Mercury_(planet). Shida ni kwamba anwani na maandishi yanayoizunguka vinagombea alama zilezile. Ndiyo maana mwishoni mwa waraka huohuo kuna ushauri kwamba anwani ikiwekwa katikati ya maandishi, ifungiwe kwa < na >. Ushauri mzuri, ambao sijaona mtu akiufuata kwenye simu.

Basi usiku ule nikafanya ambacho fundi yeyote mwenye usingizi angefanya. Kwenye hifadhi ya viungo nikabadilisha mabano kuwa misimbo yake, yaani alama ya asilimia na tarakimu zinazosimama badala ya herufi: bano la kufungua ni %28, la kufunga ni %29. Nikalala. Asubuhi nikaamka na matusi mapya.

Kiungo sasa kilikuwa kizima, hakikatiki, ila kinaishia hivi: Kanuni_%2528Matangazo%2529. Ukiona %25 imefuatwa na tarakimu mbili, jua anwani imesimbwa mara mbili. Alama ya asilimia yenyewe ikisimbwa inakuwa %25, hivyo %28 ikipita tena kwenye mashine inatoka %2528. Seva inasimbua mara moja tu, kwa hiyo ilikwenda kutafuta ukurasa ambao jina lake lina "%28" herufi kwa herufi. Mimi nilisimba kwa mkono, na programu ikasimba tena kabla ya kutuma, kwa amri ya JavaScript, lugha ya programu za wavuti, iitwayo encodeURI ambayo niliiweka mwenyewe miaka mitatu nyuma na kuisahau.

Amri hiyo ndiyo ilinifungua macho, maana ilikuwa imeficha kosa la pili. Chini ya kila ujumbe tuna kiungo cha kukata rufaa. Ukikibofya, unafunguka ukurasa wa kuandikia wasimamizi, kichwa cha chapisho lako kikiwa kimeshajazwa. Dada huyuhuyu alishawahi kunilalamikia kwamba rufaa nyingine zinafika na vichwa vilivyokatika. Nilipekua kumbukumbu za seva jioni nzima, sikuona kitu. Kumbe nisingeona.

Chukua kichwa kama hiki: Fundi #1 wa friji & feni Temeke. Ndani ya anwani, alama ya reli (#) ina kazi yake: inaonyesha sehemu ya ukurasa, na kivinjari hakipeleki kwa seva chochote kinachoifuata. Kwa hiyo seva ilipokea "Fundi " na nafasi tupu, ikaandika hivyo kwenye kumbukumbu bila wasiwasi wowote. Na hata tungeitoa reli, ile & ingekata kwenye "friji", kwa kuwa kazi yake ni kutenganisha taarifa moja na nyingine.

Sasa, encodeURI imetengenezwa kwa ajili ya anwani nzima, kwa hiyo inaziacha # na & kwa makusudi; ikizigusa itaibomoa anwani. Kwa kipande kinachoingizwa ndani ya anwani, kama kichwa cha chapisho, inatakiwa encodeURIComponent, inayozigeuza kuwa %23 na %26. Majina yanafanana kama pacha, na nimeshakuta watu wazoefu wakiyabadilishana. Tena hata huyo pacha wa pili hayagusi mabano. Hayo yanabaki mabichi, na Markdown inayasubiri palepale, kwa hiyo lazima uongeze mstari wako mwenyewe wa kuyageuza.

Nikaandika upya hivi: kwenye hifadhi, anwani inakaa kama ilivyo, haijasimbwa. Vipande vinasimbwa mara moja, wakati wa kuunganishwa. Mabano yanageuzwa hatua ya mwisho kabisa, kabla ya Markdown. Kila chapisho la majaribio sasa lina kichwa kibaya kwa makusudi, "Punguzo 50% (leo) & #1", na lisipotoka hivi sipokei mabadiliko ya mtu:

Punguzo%2050%25%20%28leo%29%20%26%20%231

Nilipokuwa humo ndani nikapitia na vichujio vya viungo vilivyopigwa marufuku. Kimoja kilizuia t.co, kifupisho cha anwani cha Twitter (sasa X), kwa kutafuta herufi hizo popote zilipo. Soma microsoft.com polepole utaona kwa nini viungo vya Microsoft vilikuwa vinazuiwa. Nilicheka, halafu nikakumbuka Aprili 2024, programu ya X ya iPhone ilipoanza kuonyesha twitter.com kama x.com bila kuangalia jina linaanzia wapi. Netflitwitter.com ikasomeka netflix.com, na tapeli angeweza kusajili jina hilo kwa bei ya kawaida na kumpeleka msomaji popote atakapo. Kichujio kinatakiwa kulinganisha jina zima la tovuti, kuanzia mwisho kurudi nyuma, kwa nukta zake.

Jumatatu dada akaondoa tangazo la mtu anayeuza viwanja, kiungo kikafunguka moja kwa moja kwenye kifungu husika. Ametukanwa tena, safari hii na mtu aliyezisoma kanuni.