Kufuli la mwenye nyumba si amri ya korti

Tarehe saba asubuhi unatoka kuteka maji. Ukirudi, mlango una kufuli jipya na sufuria ya chai imebaki ndani. Keateka, yaani msimamizi wa ploti, anakwepa macho yako: "Nimetumwa tu." Katika ploti nyingi za Nairobi, kuanzia Pipeline hadi Kayole, watu huamini sheria inaruhusu mpangaji mwenye deni afungiwe hivyo.

Dhana: Usipolipa kodi, mwenye nyumba ana haki ya kukufungia.
Deni ni deni, na malimbikizo ya kodi ni sababu tosha ya kuhamishwa. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamruhusu mwenye nyumba kuingia na kuitwaa mwenyewe pale tu ambapo hakuna anayeikalia. Ukiwa bado unaishi humo, lazima aende kortini, hata kama notisi imekwisha. Kung'oa mlango, kuezua mabati, kukata stima: hayo yote ni kumruka hakimu, na anaweza kushtakiwa akulipe fidia.

Dhana: Hatukuandikiana, kwa hivyo anaweza kunitoa leo.
Mapatano ya mdomo ni mapatano. Anayelipa kila mwezi hupewa notisi isiyopungua mwezi mmoja, tena imalizikie siku ya kulipa kodi. Nawe ukitaka kuhama unadaiwa notisi hiyohiyo, jambo ambalo wengi hulikumbuka wakati wa kudai dipoziti.

Dhana: Dalali wa mnada akija, nimeshafukuzwa.
Dalali anayeandika orodha ya TV na kochi amefuata deni. Anakamata vitu, si nyumba. Mwombe leseni; kijana wa mtaani mwenye kalamu si dalali.

Dhana: Jopo la kudhibiti kodi humtetea kila mpangaji.
Jopo hilo husikiliza kesi za nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Nitafutie chumba cha bei hiyo Nairobi leo, chenye choo chake! Katika nyumba hizo za jopo, hata dalali hawezi kukamata mali bila idhini ya jopo. Wengine wote, yaani karibu sisi sote, njia yetu ni korti ya hakimu.

Kwa hivyo ukikuta kufuli, usilivunje. Lipige picha, hifadhi ujumbe wa M-Pesa wa kila kodi uliyolipa, kisha uende nao kortini kuomba amri ya kufunguliwa.