Moyo haujui kama uko jimu: maswali na majibu kuhusu mazoezi na ulaji wa kila siku

Watu wengi wanapopimwa huambiwa wafanye mazoezi na wapunguze chumvi na sukari, kisha hutoka mlangoni bila kujua waanzie wapi. Majibu haya ni kwa mtu mzima wa kawaida mwenye kazi, familia na uchovu wa jioni, anayetaka kujua lipi lina maana na lipi halina.

Sina muda wala pesa ya jimu. Je, kazi za nyumbani zinahesabika kuwa mazoezi?

Zinahesabika kabisa. Moyo haujui kama unadunda kwa sababu ya mashine ya jimu au kwa sababu umebeba ndoo ya maji. Kudeki, kufua kwa mikono, kulima, kupanda ngazi, kutembea kwa haraka kwenda kazini, vyote huifanyisha misuli kazi, na faida huanzia hapo.

Ushahidi wa jambo hili ni wa siku nyingi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Dereva na kondakta walikuwa ndani ya basi moja, kwenye barabara zilezile. Tofauti yao kubwa ni kwamba dereva alikaa zamu nzima, na kondakta alishinda akipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Makondakta waliugua ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva. Morris alipolinganisha wapeleka barua waliotembea na makarani waliokaa mezani, akaona jambo lilelile. Hakuna hata mmoja kati ya wale makondakta aliyekuwa "anafanya mazoezi" kwa maana tunayoitumia leo. Alikuwa kazini tu.

Kwa wiki, kiasi gani kinatosha?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Tena, angalau siku mbili za wiki aifanyishe kazi misuli yote mikubwa ya mwili. Dakika 150 ukizigawa kwa siku 7 ni kama dakika 22 kwa siku.

Jambo moja katika mwongozo huo halijawafikia watu wengi, nalo ndilo lenye nafuu zaidi. Zamani ilisemwa mazoezi yasiyofika dakika 10 mfululizo hayahesabiki. Sharti hilo limeondolewa. Dakika 4 za ngazi asubuhi, dakika 7 za mwendo wa haraka mchana na nyingine jioni, zote zinaingia kwenye hesabu.

Utajuaje kama ni ya wastani? Ongea. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye wastani. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, umefika kwenye makali.

Lazima nifikishe hatua 10,000?

Hapana. Namba hiyo ilipata umaarufu Japani mwaka 1965, pale kilipouzwa kifaa cha kuhesabu hatua ambacho jina lake, manpo-kei, lina maana ya kipima hatua elfu kumi. Ilikuwa namba ya biashara, na ni namba nzuri kwa anayeiweza, lakini faida huanza kuonekana mapema sana kabla ya kuifikia. Kama leo unatembea hatua 3,000, lengo lako la mwezi huu liwe 4,000.

Nimevuka miaka 50 na sitaki misuli mikubwa. Kwa nini nihangaike na mazoezi ya nguvu?

Kwa sababu misuli hupungua yenyewe kadiri umri unavyosogea, na huondoka kimyakimya. Mtu hashtuki mpaka siku anaposhindwa kuinuka chini bila kushika kitu, au anapojikwaa kidogo tu akaanguka na kuvunjika nyonga. Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu aliulize angali na miaka 35.

Anza na kiti. Chukua kiti imara kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani, ukae katikati yake. Nyayo zote zikanyage chini, zikiachana kama upana wa mabega. Kunja mikono kifuani, inamisha kifua mbele kidogo, simama mpaka unyooke. Sasa rudi ukae taratibu, ukihesabu moja, mbili, tatu, na usijitupe. Pale makalio yanapokaribia kugusa kiti utasikia mapaja yanawaka. Kazi yenyewe iko hapo, na wengi huikwepa kwa kujiachia ghafla. Rudia mara 8 hadi 12, pumzika, kisha rudia tena. Kama huwezi kuinuka bila mikono, tumia mikono leo, wiki ijayo tumia mmoja.

Kwa kifua na mabega, simama mbele ya ukuta umbali wa mkono, weka viganja ukutani, kunja viwiko mpaka uso ukaribie ukuta, kisha jisukume urudi. Waliofika miaka 65 waongeze mazoezi ya mizania siku tatu au zaidi kwa wiki, kama kusimama kwa mguu mmoja huku mkono ukiwa karibu na meza.

Sukari yangu imeanza kupanda. Ni kweli kwamba kutembea baada ya kula kunasaidia?

Ni kweli, na ukielewa sababu yake hutaacha kutembea. Kwa kawaida sukari iliyo kwenye damu huhitaji insulini, homoni inayotolewa na kongosho, ili iingie kwenye seli za misuli. Kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya 2, au anayekielekea, insulini ipo lakini seli zinaiitikia kwa uzito. Msuli unaofanya kazi una njia yake nyingine. Unapojikunja na kujikunjua, hujivutia sukari kutoka kwenye damu bila kuisubiri insulini. Kwa hiyo ukitembea dakika 10 hadi 15 baada ya kula, wakati ambao sukari ya chakula inaingia kwenye damu, mapaja na vigimbi vinaipokea na kuitumia. Ukimaliza, misuli hubaki ikiitikia insulini vizuri zaidi kwa saa 24 hadi 48. Ndiyo maana mwenye kisukari hushauriwa asipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi.

Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani kwa zaidi ya watu 3,000 ambao sukari yao ilikuwa juu lakini haijafikia kisukari. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza angalau asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Kundi jingine lilipewa metformini, dawa ya kisukari, na la tatu kidonge kisicho na dawa. Likilinganishwa na hilo la tatu, kundi la ulaji na mazoezi lilipunguza idadi ya waliopata kisukari kwa asilimia 58, na lile la metformini kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo zisizofika 6. Si lazima awe mwembamba.

Tahadhari: ukiwa unatumia insulini au vidonge vinavyoilazimisha kongosho kutoa insulini, mazoezi yanaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Muulize daktari wako kwanza, na tembea na kitu cha sukari mfukoni. Ukihisi kutetemeka, jasho la ghafla au kuchanganyikiwa, kitumie papo hapo. Kagua nyayo zako kila siku, maana kidonda cha kiatu kinaweza kuanza bila kuuma.

Natembea kila siku lakini uzito haushuki. Ninakosea wapi?

Pengine hukosei popote. Nusu saa ya kutembea kwa haraka huunguza takriban kalori 100 hadi 150 kwa mtu wa kawaida, na soda moja huzirudisha zote. Uzito hushuka zaidi kwa kinachoingia mdomoni.

Naomba lakini usiache kutembea kwa sababu ya mzani. Mzani hauoni mafuta ya ini yakipungua. Hauoni presha, ambayo kwa mtu aliye na shinikizo la juu la damu inaweza kushuka nukta 5 hadi 8 kwenye namba ya juu kwa mazoezi ya mara kwa mara. Hauoni usingizi uliotulia. (Dawa za presha usiziache kwa sababu kipimo kimekuwa kizuri. Mara nyingi kimekuwa kizuri kwa sababu unazitumia.)

Kwenye chakula, nianze na kipi?

Anza na unachokunywa. Fanya jaribio hili siku moja. Soma kwenye kopo la soda la mililita 330 gramu za sukari zilizomo. Mara nyingi ni kama gramu 35. Chukua glasi tupu na kijiko cha chai, pima sukari kijiko baada ya kijiko, kila kijiko bapa kikiwa kama gramu 4. Utafika karibu vijiko 9, na glasi itakuwa na tabaka jeupe unaloliona ukiwa upande wa pili wa chumba. Hakuna anayeweza kuitia sukari hiyo kwenye kikombe kimoja cha chai akainywa. Ndani ya soda baridi hupita bila kusikika, na haishibishi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku, na ni vizuri zaidi ikibaki chini ya asilimia 5, yaani karibu gramu 25. Maana yake soda moja imeshapita kiwango hicho kizuri.

Baada ya vinywaji, geukia sahani. Nusu yake iwe mboga na matunda, robo iwe wanga, hasa nafaka isiyokobolewa, na robo ya mwisho iwe protini kama maharage, dengu, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta mengi. Kwa siku lenga angalau gramu 400 za mboga na matunda. Viazi na mihogo hapo havihesabiki, ni upande wa wanga. Jamii ya kunde ina sifa ya pekee, kwa sababu hukupa protini na nyuzinyuzi kwa pamoja, na nyuzinyuzi ndizo hukufanya ushibe mapema na kulainisha choo.

Juisi halisi ya matunda, isiyoongezwa sukari, ni sawa?

Kula tunda lenyewe. Ukilikamua, nyuzinyuzi nyingi hubaki kwenye chujio na sukari huingia glasini, nayo inahesabiwa pamoja na sukari ya kuongezwa. Machungwa manne ni shida kuyala kwa mara moja, lakini kuyanywa ni suala la dakika moja.

Mimi siongezi chumvi mezani. Mbona naambiwa bado ni nyingi?

Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na ndani yake ipo ile ya kwenye mkate, soseji, jibini, vitafunwa vya pakiti, supu za unga na viungo vya vipande vya kukolezea mchuzi. Ukisoma lebo iliyoandika sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Punguza kidogo kidogo. Wiki chache tu ulimi unazoea, na chakula cha zamani utakiona kikali. Ukiwa na ugonjwa wa figo, usitumie chumvi mbadala yenye potasiamu bila kumuuliza daktari.

Kwa nini vyakula vya pakiti hunifanya nile bila kushiba?

Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watu 20 walioishi kwenye kituo cha utafiti mwezi mzima. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana, wiki mbili vyakula vilivyosindikwa kidogo. Chakula kilichowekwa mezani kililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, nyuzinyuzi na chumvi, na kila mtu akaruhusiwa kula atakavyo. Kwenye vyakula vya kusindikwa walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja katika wiki mbili. Pia walikula haraka zaidi. Kwa hiyo usijilaumu kwamba huna msimamo. Chakula laini hutafunika upesi na kupita kabla tumbo halijapeleka taarifa ya shibe. Kisiwepo kabatini, na vita imepungua nusu.

Dalili gani zinanitaka nisimame mara moja?

Maumivu au kubanwa kwa kifua, hasa yakipanda shingoni au kwenda mkononi, kukosa pumzi kuliko kawaida ya zoezi hilo, kizunguzungu, kuzimia, au moyo kupiga bila mpangilio. Simama, kaa, na utafute msaada wa dharura. Misuli kuuma siku ya pili baada ya zoezi jipya ni jambo la kawaida. Aliye na ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa au ujauzito wenye matatizo aonane na daktari kabla ya kuanza.

Nilianza vizuri nikaacha wiki tatu. Nirudi vipi?

Rudi na nusu ya ulipoishia. Kama ulikuwa unatembea dakika 40, leo tembea 20, na kama ulikuwa unainuka kitini mara 12, fanya 6. Pumzi hushuka haraka ukiacha, na hurudi haraka pia kwa mtu aliyewahi kuwa nayo. Wiki ya pili ongeza dakika 5. Usijaribu kufidia siku zilizopita kwa siku moja, maana goti au mgongo ukiumia utapoteza wiki tatu nyingine. Tafuta kitu unachokifanya kila siku bila kukumbushwa, kama kupiga mswaki au kumpeleka mtoto shule, na matembezi yaanze mara tu unapokimaliza. Viatu viweke mlangoni tangu usiku.